Nilikuwa naisoma ganeti kinyumenyume

Leo tangu mchana nimekaa na slaidi moja tu, moja, shingo imekakamaa na macho yanawasha. Ni ile granulaiti (jiwe lililogeuzwa na joto kali kilindini) ambayo mwezi uliopita niliiandikia kwenye daftari "ganeti inakua, pete imeizunguka" nikafunga nikaenda zangu, na nilivyojiamini sasa!

Kwa asiyejua, slaidi ni jiwe lililokatwa na kusagwa mpaka likabaki na unene wa milimita 0.03, hapo mwanga unapenya. Ganeti, madini magumu ambayo mara nyingi ni mekundu, haikupi shida kuitambua, ukipishanisha polaraiza mbili (vichujio vya mwanga vya hadubini) inakuwa nyeusi tii na hata ukizungusha meza ya hadubini inabaki vilevile. Tatizo ganeti yangu haina zile kingo zake zilizonyooka, imeliwaliwa kama shuka lililoingiliwa na mende. Imezungukwa na pete ya plajioklesi, madini mepesi ya kundi la feldispa, na ndani ya pete kuna vijiti vya othopairoksini, madini yenye chuma na magnesiamu, vilivyojikunjakunja kama minyoo. Mchanganyiko huo ndo unaitwa simplektaiti.

Sasa leo nikafuata mpaka wa nje wa ile pete polepole, nikaona pembe sita. Aisee. Hilo ni umbo la ganeti yenyewe ilivyokuwa zamani, kumbe pete haikuja kuizunguka, imekaa palepale ganeti ilipokuwa, ganeti ndo iliyoliwa kuitengeneza! Ilikutana na kwatzi (madini ya silika) na klainopairoksini (ndugu wa othopairoksini, ila yenye kalsiamu), presha ikashuka jiwe bado lina moto, ikashindwa kuvumilia. Ganeti ni nzito, karibu mara 4 ya maji, plajioklesi haifiki hata 2.8, kwa hiyo jiwe likipanda kutoka kilindini na kubanwa kukipungua, madini yanayotaka nafasi zaidi yanapata upenyo wao. Ingekuwa kinyume, yaani ganeti ndo imejipanga kama pete kati ya pairoksini na plajioklesi, ningefikiria jiwe lililopoa likiwa bado chini kulekule.

Kwa nini minyoo lakini, hicho ndo kimenishika kuliko vyote. Ni kwamba atomu hazikuweza kwenda mbali, hasa aluminiamu, hiyo ni mvivu ajabu na maji ya kuisaidia hayakuwepo, basi madini mawili mapya yakazaliwa yamebanana hivyohivyo kila moja likichukua kilicho karibu. Na ukizidi kuikaribia ganeti minyoo inazidi kuwa myembamba, mwishoni hata lenzi kubwa inahangaika, maana joto lilikuwa linashuka na safari zinazidi kuwa fupi. Halafu reaksheni ikakwama katikati. Ingeisha yote nisingekuwa na ganeti ya kuniambia chochote.

Kwenye nyufa kuna kloraiti, madini ya kijani yenye maji ndani yake, hiyo ni maji yaliyoingia baadaye sana, siihesabu kwenye hadithi hii.

Picha peke yake hainipi presha wala joto kwa namba, lazima nipime kemia ya hizo kingo, najua. Ila sentensi ya mwezi uliopita nimeikata kwa kalamu nyekundu. Kuna ganeti moja ndogo imefungiwa ndani ya feldispa, haijagusana na kwatzi wala pairoksini, na yenyewe haina pete kabisa, pembe zake zote zipo. Kesho naanza na hiyo.