Masikio ya Mke Wangu

Boneti ilikuwa ya moto. Nilikuwa nimeweka kiganja juu yake kimzaha mzaha, kama mtu anayeegemea gari apige soga, lakini muuzaji akaniona. "Nimeliosha tu, nikalisogeza kivulini," alisema haraka, kabla sijauliza. Ilikuwa Februari 2014, mjini Motril, pwani ya kusini ya Hispania, na kwa baridi ya siku ile kivuli hakikuhitajika hata na mbuzi.

Mimi na mke wangu tulikuwa na miezi minne tu tangu tuhamie huko. Nilikuwa nimeendesha mabasi London kwa miaka 29, naye ameshona nguo za watu miaka karibu ile ile, kwanza kwenye karakana, baadaye chumbani kwetu, cherehani ikiunguruma hadi usiku wa manane. Tulipostaafu, ndugu zetu wa Tanga walishaanza kutufagilia uwanja. Sisi wenyewe tulidhani tunarudi. Lakini nyonga ya mke wangu ilitaka daktari wa karibu, wajukuu walikuwa London, na mifupa yake ilikuwa imechoka na unyevu wa Uingereza. Tukaangukia katikati: nyumba ndogo ya kupanga nje ya Órgiva, kwenye milima ya Alpujarra, theluji ya Sierra Nevada ikituchungulia kwa juu.

Sikujihisi mgeni sana kule. Mashamba bado yanakunywa maji ya mifereji iliyoachwa na Waislamu wa zama za Andalusi, walipotawala huko, na maneno yao yamebaki midomoni mwa watu. Tunda la mzeituni wanaliita aceituna, nami mtu wa pwani nasikia zaituni. Oili ya injini wanaiita aceite, ambayo ni zeti yetu ile ile. Siku ya kwanza fundi wa pale aliponiambia neno hilo nilicheka peke yangu, akadhani namcheka yeye.

Shida yetu ilikuwa usafiri. Basi lilipita mara chache, na kliniki ya nyonga ilikuwa huko Motril. Kukodi gari kila wiki kulikuwa kunatafuna pensheni. Basi tukaamua kununua gari lililotumika, na kwangu mimi lilikuwa halina mjadala: dizeli. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori kwenye shamba la mkonge, nami nimelala mchana mwingi wa utoto wangu kwenye kiti cha lori lile injini ikinguruma. Tena kule milimani dizeli inavuta kilima kwa mzunguko wa chini bila kulialia, na bei yake kituoni ilikuwa chini ya petroli. London ilikuwa kinyume, na miaka yote hiyo iliniuma.

Ila nilijua pia mtego. Magari mengi ya dizeli ya miaka ile yalikuwa na chujio la masizi kwenye eksozi. Chujio hilo linataka safari ndefu, ya mwendo, lipate moto wa kutosha kuunguza masizi liliyoyakusanya. Mzee anayekwenda sokoni kilometa nne na kurudi analiziba, kisha anaambiwa bei ya jipya na kukaa chini. Kwa hiyo akili yangu ilitaka gari la zamani, lisilo na chujio, lisilo na tabo, kile kisukuma hewa cha injini, nozeli na pampu za kawaida. Akili, nasema. Macho yalikwenda kwingine.

Kila mkulima wa Alpujarra alikuwa na Citroën C15, kile kigari cha mzigo kilichotengenezwa Vigo tangu 1984 hadi 2005, na wanakisifia kama watu wanaosifia punda. Nilipendekeza hicho. Mke wangu alikizunguka kimoja sokoni, akatazama kule nyuma, akasema, "Mimi si gunia la viazi, bwana."

Ndiyo maana tukajikuta Motril, mbele ya gari jeusi la mwaka 2008, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, kilometa 78,000 kwenye odomita, euro 6,900. Muuzaji alilipiga selfu, likaitika papo hapo. Nikasikiliza. Injini ilitulia, nzito, sawasawa. Niliitikia kwa kichwa kama bingwa.

Hapa inabidi nikiri jambo. Miaka yangu mingi ya kazi nilikuwa kwenye Routemaster, yale mabasi mekundu ya zamani. Dereva wake anakaa peke yake kwenye kibanda cha mbele, na injini iko kushoto kwake, bega kwa bega. Ilipofika 2005, yalipoondolewa kwenye njia za kawaida, sikio langu la kushoto lilikuwa limekwisha. Daktari alinionyesha mchoro: sauti nene nazipata, zile nyembamba hazifiki. Alinipa kifaa cha kuvaa. Kifaa kilikuwa kwenye droo.

Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Alisema kwa Kiswahili, bila kugeuza uso, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Inaruka mshono."

"Nini?"

"Injini yako. Inakwenda, inakwenda, halafu inaruka mmoja. Kama sindano imepinda."

Nilimwambia hiyo ni dizeli, dizeli zinagonga. Akanyamaza. Ninamjua: hakuwa amekubali. Nikatazama tena, safari hii kwa macho ya dereva. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma, na usukani umeng'aa pale mikono inaposhika. Kilometa 78,000 hazifanyi hivyo. Hispania gari likifikisha miaka minne huanza kwenda kwenye ukaguzi wanaouita ITV, na karatasi ya ukaguzi huandikwa kilometa za siku ile. Nikaomba karatasi ya 2012. Imepotea, alisema, lakini si tatizo, rafiki.

Tulimwambia tutafikiri. Kesho yake tulirudi bila taarifa, saa mbili kasorobo asubuhi, kabla injini haijapashwa moto, tukakaa kwenye mkahawa ng'ambo ya barabara. Muuzaji alifika, akafungua lango, akaenda moja kwa moja kwenye gari jeusi. Selfu ikalia, ikalia, ikachoka. Akafungua boneti, akatoa kopo la dawa ya kuamshia injini, akapulizia kwenye njia ya hewa, akarudi ndani. Likashika kwa kukohoa. Moshi mweupe ukafunika yadi nzima, hadi mhudumu wa mkahawa akafunga dirisha. Mke wangu alimaliza kahawa yake taratibu. Hakusema kitu, na hilo lilikuwa baya kuliko kusema.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, siku ya soko la Órgiva, tuliona karatasi ya SE VENDE, yaani linauzwa, kwenye kioo cha nyuma cha Citroën Berlingo ya 2003, dizeli ya 1.9, rangi ya maziwa yaliyoungua. Nalo ni la Vigo kama C15, ila kiti chake kiko juu: mtu mwenye nyonga mbovu haingii kwa kushuka wala hatoki kwa kupanda, anageuka tu. Mke wangu alijaribu mara tatu, akatabasamu. Mwenye gari alikuwa mzee wa miaka themanini na ushei, mkulima wa lozi. Huko ukivuka miaka 65 unafanya upya leseni kila baada ya miaka mitano, na kila mara unapimwa afya. Safari hii macho yake yalikataa. Alisema hivyo huku ametazama pembeni.

Niliomba nilione gari asubuhi, shambani kwake, na lisiguswe usiku kucha. Alinitazama kama nimemuuliza kama anaoga.

Tulifika jua halijatoka. Milozi imechanua, majani yamefunikwa na umande ulioganda. Boneti ilikuwa baridi kama kaburi. Nilifungua kifuniko cha oili: hakuna utando mweupe. Maji ya rejeta hayakuwa na mafuta. Kando ya gari palikuwa na trekta, na hapo nikaingiwa na wasiwasi mwingine. Wakulima wa Hispania wana dizeli yao ya bei nafuu, imetiwa rangi nyekundu, na ni marufuku barabarani. Ukikamatwa nayo kwenye gari dogo, faini inakungoja. Niliomba chupa, nikalegeza skrubu ya kutolea maji chini ya filta ya dizeli, nikakinga kidogo. Njano, safi. Yule mzee aliona ninachofanya, akauma mdomo. Nilitamani ardhi inimeze, lakini chupa nilikuwa nimeshaishika.

Akawasha mwenyewe. Taa ya plagi za joto, zinazopasha injini kabla haijawashwa, ikawaka. Hakuwa na haraka, akahesabu kwa vidole hadi ikazima. Selfu, mzunguko wa pili, injini ikashika. Moshi ulitoka, ukachukua muda wa kusema Bismillahi, ukaisha. Nikafungua tena kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka. Mafundi wetu husema injini imeanza kupumua ukiona upepo na moshi vinatoka hapo. Hii haikupumua.

Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya gari, shali kichwani, macho ameyafumba. Kidole chake kilikuwa kinagonga mkoba, taratibu, kikifuata. Tulimngoja sote wawili, mimi nisiyesikia na yule asiyeona.

"Mshono umenyooka," alisema. Halafu: "Ila upande huu kuna kitu kinalia. Chembamba. Kama bobini kavu."

Sikukisikia, wala mzee hakukisikia. Nikainama upande aliouonyesha, nikaona puli ya kukazia mkanda wa jenereta inayumba kidogo. Beringi. Kitu cha bei ndogo, lakini ni hoja. Odomita ilisoma 241,000, naye akaleta kopo la biskuti lenye risiti zote za fundi tangu gari likiwa jipya: oili, breki, klachi, mkanda wa taimingi kwenye 160,000. Nilizipitia moja moja. Kilometa zilipanda kwa mpangilio, hakuna pengo. Alitaka euro 2,500. Kwa ajili ya bobini ya mke wangu alishuka hadi 2,200, akacheka, akamwamkia upya kwa kuvua kofia.

Makaratasi yalichukua siku kadhaa: mkataba, namba zetu za ugeni, kodi ya uhamisho asilimia 4, mihuri. Mwaka uliofuata, Septemba, kashfa ya hewa chafu ya dizeli za Volkswagen ikalipuka, na mwanangu akanipigia simu kunicheka kwamba nimenunua dizeli dunia inapoikimbia. Nilimwambia aje aikimbie kwenye kilima cha Órgiva.

Siku tuliyolichukua, mzee alitupa mfuko wa lozi na ndoo ya zaituni, akakaa kizingitini, uso ameuelekeza tunakokwenda. Tulipotoka kwenye njia ya vumbi na kuanza kupanda, gia ya tatu, nilinyoosha mkono nikafungua redio. Mke wangu akaizima.

"Iache," alisema. "Nasikiliza."