Terminali inayojua nitakachoandika

Tangu niweke mapendekezo ya amri kwenye terminali (dirisha la kuandikia kompyuta amri), vidole vyangu vimeingiwa na uvivu. Naandika git c tu, amri nzima imeshajitandaza mbele kwa rangi ya kijivu, ile ile ya mara ya mwisho. Nikiitaka nabonyeza kishale cha kulia. Nisipoitaka naendelea kuandika, inajiondokea yenyewe.

Jambo hili si geni. Fish, sheli (programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali) iliyotoka mwaka 2005, huja nalo tayari. Sisi wa zsh, sheli nyingine, tumeliiga kwa programu-jalizi ya zsh-autosuggestions: unaipakua, unaongeza mstari mmoja kwenye .zshrc (faili la mipangilio ya zsh), unafungua dirisha jipya. Usipoona kitu, angalia rangi kwanza. Mapendekezo hutumia rangi namba 8, na kwenye Solarized ya giza (seti ya rangi za terminali) hiyo ndiyo rangi ya mandharinyuma, kwa hiyo maandishi yapo ila hayaonekani. Weka ZSH_AUTOSUGGEST_HIGHLIGHT_STYLE='fg=244', yatajitokeza.

Kinachonisumbua ni kwamba pendekezo halijui niko folda gani. Linachukua kwenye historia, yaani orodha ya amri nilizokwisha kuandika, amri ya karibuni inayoanza na herufi nilizoandika, basi. Asubuhi nimefuta matokeo ya mradi mmoja. Jioni niko mradi mwingine kabisa, naandika rm, amri ya kufuta, na rm -rf data/ (futa folda nzima ya data bila kuuliza) inanitazama kana kwamba nimeiita. Kishale kimoja na Enter, kwisha habari. Fish angalau hukagua kama faili linalotajwa lipo. Huku hakuna ukaguzi huo, na mkono uliozoea kukubali haurudi nyuma kusoma.

Nimeweka ZSH_AUTOSUGGEST_HISTORY_IGNORE="rm *", na sasa amri za kufuta haziletwi tena; naziandika herufi kwa herufi, na sioni hasara. Amri ndefu nazichukua neno moja moja kwa Alt na F, maana mara nyingi mwanzo ndio ninaoutaka, si mkia.

Kuna pia suala la nywila. Zamani historia ilijificha kwenye faili lake. Sasa inajitokeza yenyewe, hata ukiwa unawaonyesha watu skrini yako. Ukiweka setopt HIST_IGNORE_SPACE, amri uliyoianza kwa nafasi tupu haihifadhiwi. (Ufunguo wa siri haukupaswa kuandikwa kwenye amri hata hivyo, lakini nani asiyefanya?) Zile zilizokwisha kuingia, fungua .zsh_history, faili la historia, uzifute kwa mkono.