Nilivyochora labirinti ya kutembea katikati ya jiji

Kibali kilinitoa jasho kuliko uchoraji wenyewe. Afisa aliutazama mchoro wangu wa labirinti, yaani njia moja inayozungukazunguka hadi katikati, akauliza watu wakipotea humo ndani nani atawatoa. Nikamwomba aweke kidole mlangoni afuate njia. Ikamzungusha, mara akaribie katikati, mara atupwe pembeni kabisa, hatimaye akafika. Labirinti ya aina hii haina njia panda wala njia inayoziba. Ulikoingilia ndiko utakakotokea. Akacheka, akagonga muhuri.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alitaka ninakili ile ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa: mizunguko 11, upana karibu mita 13, iko sakafuni tangu karne ya 13. Nzuri sana, ila mimi nilipewa uwanja wenye miti na mabenchi. Nikachagua ile ya kale ya mizunguko saba, inayoanza na msalaba, pembe nne za umbo la L kwenye kona zake na nukta nne. Unaunganisha kichwa cha msalaba na ncha iliyo jirani kulia, kisha ncha inayofuata ya kushoto na inayofuata ya kulia, tao juu ya tao, mpaka ncha ziishe.

Hapo ndipo fundi mmoja wa mdomo aliponikera. Akashikilia kwamba kamba ya kupigia matao lazima ifungwe katikati ya msalaba. Nikamwachia chaki. Tao lake la kwanza tu likaikosa ncha. Akadai sakafu imeinama! Kumbe kitovu cha matao yote ya juu kiko usawa wa kichwa cha msalaba, ila kimesogea kulia kwa nusu ya upana wa njia. Nilipoyapiga hayo matao nane yakakaa sawasawa, bwana yule akakumbuka ana safari.

Na kwa kuwa huruhusiwi kupigilia msumari kwenye vigae vya umma, nilichomeka fimbo kwenye ndoo iliyojaa mchanga. Kitanzi cha kamba kilegee, la sivyo kamba inajiviringisha kwenye fimbo na tao linabana polepole bila wewe kujua. Kamba ya nailoni usiguse, inavutika. Yangu ilikuwa ya katani, nimeipiga fundo kila upana wa njia. Sehemu ya chini nilimalizia kwa mkono.

Ukubwa ni rahisi: zidisha upana wa njia kwa 15. Njia ya sentimita 60 inataka mita 9. Ukitaka viti vya magurudumu vipite kwa sentimita 90, tafuta mita 13.5. Gharama yote ilikuwa chaki na kamba, ndoo ya nyumbani.

Kitu kimoja nitakachobadilisha: mlango nitauelekeza mbali na njia ya wapita njia. Watu walijazana pale kupiga picha, na waliokuwa wakitoka wakakosa pa kupita.