Leseni ya Programu ya Chuo: Nilivyoacha Kusikiliza Maneno Nikaisoma Mwenyewe

Nikianza kuandika tasnifu ya uzamili, nilitumia MATLAB ya chuo, programu ya hesabu na uchambuzi wa data, na kila mtu alikuwa na neno la kuniambia kuhusu leseni yake. Wengine walisema programu ikishaingia kwenye kompyuta yako ni yako, fanya nayo utakalo. Wengine, tena wa darasa la juu yangu, walinishikia kani kwamba grafu iliyochorwa kwa leseni ya wanafunzi hairuhusiwi kuchapishwa kwenye jarida, kwa hiyo nirudie uchambuzi wote kwa programu nyingine. Hao wa pili ndio walionikosesha usingizi, maana sura ya matokeo ilikuwa imeshakamilika. Hadi leo naudhika nikikumbuka, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameyasoma masharti yenyewe.

Nikakaa nikayasoma. Ni marefu na yameandikwa kisheria, lakini majibu niliyoyataka yalikuwa machache: nani anaruhusiwa kutumia, kwenye kompyuta ya nani, kwa kazi gani, na mpaka lini. Hapo ndipo nikaelewa kuwa hicho tunachokiita "leseni ya mwanafunzi" si kitu kimoja. Ipo ambayo chuo kinainunua kwa ajili ya watu wake, na ipo ambayo mwanafunzi anainunua mwenyewe kwa kompyuta yake, na masharti yake hayafanani. Ya chuo imetolewa kwa kufundishia na kwa utafiti wa kitaaluma, na utafiti usipochapishwa ni wa nini? Kinachokatazwa ni kuitumia kwa biashara au kuifanyia kazi taasisi isiyohusika na chuo. Nikampelekea msimamizi wangu kifungu chenyewe, akakisoma, akaniambia niendelee. Sura ya matokeo ikabaki ilivyo.

Sisemi kila programu iko hivyo. Waliochora kwa matoleo ya zamani ya AutoCAD, programu ya michoro ya kihandisi, wanakumbuka ule muhuri uliokuwa ukijitokeza pembezoni mwa karatasi, kutangaza kuwa mchoro umetengenezwa kwa toleo la elimu. Ukinakili kipande cha mchoro huo ukakibandika kwenye faili la kampuni, na lenyewe linaanza kutoa muhuri. Soma masharti ya programu yako, usibebe majibu ya programu ya mwenzako.

Sasa nieleze sehemu iliyonichosha kuliko zote. Leseni ya chuo kwetu ilikuwa ya nafasi: chuo kinalipia idadi fulani ya watumiaji wa wakati mmoja, na seva ya leseni, yaani kompyuta ya chuo inayotunza nafasi hizo, ndiyo inayogawa. Nikiwa nyumbani programu inagoma kufunguka na kunionyesha kosa namba -15. Kila niliyemuuliza alisema, "Ifute uisakinishe upya." Nikafuta, nikasakinisha, nikasubiri faili kubwa lile lishuke, kosa likabaki pale pale. Fundi wa maabara ndiye aliyenifumbua macho: -15 maana yake kompyuta yako haiifikii seva, basi. Washa VPN ya chuo, ile njia ya kuingia kwenye mtandao wa chuo ukiwa mbali. Nikawasha, ikafunguka mara moja.

Furaha haikudumu. Programu inafunguka vizuri, ikifika katikati ya hesabu inakatika na kutoa kosa namba -4, yaani nafasi zimejaa. Ilinishangaza, kwa sababu programu yenyewe ilikuwa imeshapata nafasi. Kumbe vifurushi vya nyongeza vina leseni zake, na nafasi zake kwetu zilikuwa chache kuliko za programu mama. Cha takwimu kilikuwa kinagombewa na idara nzima. Tena ukishakigusa mara moja tu, nafasi unaishikilia hadi ufunge programu. Mtu anachukua nafasi asubuhi, anaenda darasani kompyuta ikiwa imewaka, na wewe unahangaika.

Hapa ndipo nilipojipatia mbinu ambayo najivunia. Niliandika `license('inuse')` baada ya kila hatua ya hesabu ili kuona kifurushi gani kimechukuliwa na lini. Nikamkamata mchawi: mstari mmoja wenye `nanmean`, wa kupata wastani huku ukiruka data zinazokosekana. Amri hiyo imo kwenye kifurushi cha takwimu, na kwa ajili yake tu nilikuwa naomba nafasi inayogombewa na watu wote. Nikaibadilisha nikaandika `mean(x,'omitnan')`, ambayo imo kwenye programu mama tangu toleo la 2015. Jibu ni lile lile, na sikuhitaji nafasi tena. Niliwaonyesha wenzangu wa maabara, na foleni ikapungua kwa kiasi cha kuonekana.

Karibu na kumaliza, ofisi moja ikaniomba niwachambulie vipimo vya mitambo yao kwa malipo. Rafiki yangu akacheka: "Tumia ya chuo, nani atajua?" Nilishasoma, sikuwa na la kujiuliza. Kazi ile niliifanya kwa GNU Octave, ambayo ni huria na inaelewa sehemu kubwa ya lugha ya MATLAB. Ofisi ikafurahi zaidi, kwa sababu nilipowakabidhi msimbo waliweza kuuendesha wenyewe bila kununua chochote.

Kazi hiyo ndiyo iliyonishtua kuhusu faili zangu za tasnifu. Akaunti ya chuo ikifungwa, nitazifungua kwa programu gani? Nikajaribu kuzifungua kwa Octave, zikanigomea. Nilikuwa nimezihifadhi kwa muundo wa `-v7.3`, ambao kwa ndani ni HDF5, muundo wa kuhifadhi data kubwa. Nikazihifadhi upya kwa `-v7`, lakini muundo huo haubebi kigezo (yaani data iliyopewa jina moja, kama jedwali) kinachozidi GB 2, kwa hiyo jedwali langu kubwa nililikata vipande. Majedwali madogo nikayatoa kwa CSV, faili la maandishi matupu ambalo linafunguka popote. Mwenzangu aliyetumia SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, alikuwa na unafuu: faili zake za `.sav` zilifunguka kwa PSPP na kwa R, ambazo ni programu huria za takwimu.

Msifanye haya wiki ya mwisho. Fanyeni leseni ikiwa bado hai, ili matokeo yakitofautiana uweze kurudi kulinganisha. Yangu yalitofautiana kwenye hesabu za sampuli nasibu, kwa sababu namba nasibu za programu hizi mbili hazifuatani hata ukianza na mbegu moja, yaani namba ile ile ya kuanzia.

Kuna anayewaambia wahitimu wanunue ile leseni ya nyumbani ya MATLAB kwa kuwa ni nafuu. Ni nafuu kweli, lakini ni ya mambo yako binafsi tu: hairuhusu biashara, na hairuhusu kazi ya kitaaluma wala utafiti. Unataka kuendeleza makala ya tasnifu yako? Hiyo siyo. Waandikieni wauzaji, waelezeni kazi mnayotaka kufanya, na majibu yao myaweke kwa maandishi.