Milimita 16

Kondo la nyuma lilionekana limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi, nilipopiga skani ya wiki ya 20. Musawo, yaani mhudumu wa afya, wa kliniki yetu pale Walukuba, Jinja, alinitoa hofu: mara nyingi kondo kama hilo hupanda kizazi kinapozidi kutanuka. Akaniusia mambo mawili. Nikiona damu, hata bila maumivu, nisingoje kupambazuke. Na mtu asinipime kwa vidole kabla ya kujua kondo liko wapi.

Wiki ya 32 lilikuwa limepanda, lakini bado. Wiki ya 36 tukaenda Kampala kupiga skani ya ukeni, maana ndiyo inayopima sawasawa. Daktari alinigeuzia kioo nione. Akaweka alama kwenye ukingo wa kondo, nyingine kwenye mlango wa kizazi, akavuta mstari kati yake. Milimita 16.

Zingefika 20, angeniambia nizae kawaida. Kondo lingeziba mlango, ingekuwa upasuaji, basi. Mimi nilikuwa katikati. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshuka vizuri na mtoto wa kwanza nilimzaa kawaida, kwa hiyo kujaribu kuliwezekana, ila damu ikimwagika ni thieta, chumba cha upasuaji, moja kwa moja.

Mume wangu alitaka upasuaji upangiwe tarehe, roho yake itulie. Mama mkwe, aliyekuwa ameniletea emumbwa zake za kunywa, dawa za mitishamba zilizofinyangwa kwa udongo, alikataa katakata. "Mwanangu, ukishapasuliwa mara moja, mimba zinazofuata utazibeba kwa wasiwasi." Emumbwa sikuzinywa, lakini hilo la kisu alilisema kweli: kovu la upasuaji huongeza hatari ya kondo la mimba ijayo kukaa chini, hata kung'ang'ania kwenye kizazi. Nami nilitaka watoto wengine.

Kilichoniamulia ni damu yangu. Mimi ni O hasi, kundi adimu kwetu, na damu hiyo haingojewi kwenye foleni ya malori pale Mabira au Mukono, njiani kutoka Jinja kwenda Kampala, mgonjwa akiwa anavuja. Nikawaambia wote wawili: nitajaribu kawaida, lakini Jinja sirudi. Nitakaa kwa dada yangu Mengo, hapo Kampala, na hospitali itutengee damu kabla uchungu haujaanza. Mume wangu aliinama akafikiri, kisha akasema, "Sawa, Mama Shamim. Hilo la damu nitalifuatilia mwenyewe." Na kweli alilifuatilia, hadi wauguzi wakawa wanamjua kwa sauti.

Uchungu ulianza usiku. Damu ilitoka kidogo, ikakoma kichwa kilipozidi kushuka, na mvulana akazaliwa salama, analia kwa nguvu. Sote tulidhani yamekwisha. Kumbe ile sehemu ya chini ya kizazi lilikoshikilia kondo haina misuli ya kubana mishipa vizuri, na damu ikaanza kutoka baada ya kondo kutoka. Nilisikia muuguzi akiita oksitosini, dawa ya kubana kizazi, mwingine akinikandamiza tumbo kwa ngumi, nami nikihisi baridi miguuni. Damu iliyotengwa haikuhitaji kutafutwa. Nilitundikiwa painti mbili palepale kitandani, thieta sikuingia.

Mama mkwe alipofika asubuhi alimpokea mjukuu, akauliza kama nilipasuliwa. Nikamwambia hapana. Kisha nikamwonyesha mfuko wa damu, nikamweleza yote.