Swali la Baba Mdogo

"Sasa mwanangu, hayo mayai ya nzi yanamhusu nini binadamu?"

Nilikuwa nimemweleza kazi yangu, ya kuchunguza jinsi seli zinavyogawanyika ndani ya mayai ya nzi, ndipo akaniuliza swali hilo. Baba Mdogo hakuuliza kwa dharau, na ndiyo maana limeniuma zaidi. Aliuliza kwa upole, kama anayemjulia hali mgonjwa. Nikamjibu, "Yanamhusu sana, Baba." Akasema, "Haya," akamgeukia Kaka wakaendelea na habari za kiwanja.

Wiki hii Mama katoka hospitali salama, na mkataba wangu umeongezwa. Lakini nikilala, ninachokisikia ni ile "haya."

Yanamhusu hivi, Baba. Mwaka 1987, London, Melanie Lee na Paul Nurse walichukua hamira ambayo jeni yake ya cdc2, ile inayoiamuru seli igawanyike, ilikuwa na hitilafu, kwa hiyo haiwezi kugawanyika, wakaitilia vipande vya DNA ya binadamu. Iliyopata jeni ya mtu inayofanana na cdc2 ikaanza kugawanyika tena. Hamira ikaishi kwa jeni ya mtu!

Nzi wangu nao wana jeni iitwayo string, ndugu wa cdc25 ya hamira, jeni inayoiamsha kazi ya cdc2, na sisi binadamu tunazo tatu za ukoo huo. Kiinitete cha nzi, yaani nzi anayeanza kuumbika ndani ya yai, kinapoanza, viini vyake, yaani vile vifuko vidogo vinavyobeba jeni, hugawanyika mara 13, karibu vyote kwa pamoja, kwa akiba aliyoiacha mama ndani ya yai. Kisha mwendo hubadilika. Katika mzunguko wa 14, seli za kila sehemu husubiri zamu yao, na zamu hutolewa na string. Anayeiwasha string ni nani? Ni jeni zilezile zinazopanga kichwa kiwe wapi na mgongo uwe wapi. Kiinitete kisicho na string hukwama hapohapo.

Jana niliviona tena kwenye hadubini. Viini vilikuwa vimeshapanda hadi ukingoni mwa yai, vinang'aa, vimejipanga. Mgawanyiko ukaanzia kwenye ncha zote mbili, ukasambaa kuelekea katikati, kila kimoja kikawa viwili mbele ya macho yangu. Nilisahau hata kuandika saa. Furaha iliyonijaa pale haikubakiza nafasi ya kinyongo, na sasa ninachotaka ni Baba Mdogo aje aweke jicho lake pale, aone mwenyewe.

Nimempigia Juma anisaidie kumleta. Simu yake haipatikani tangu asubuhi, na Juma si mtu wa kuzima simu.