Rimoti ukiificha haisaidii

Wazazi wenzangu tuambiane ukweli, kuficha rimoti hakuna kinachobadilika. Watoto wa siku hizi wanajua kitufe cha kuwashia kiko wapi nyuma ya tivii, ukiwaambia kifurushi kimeisha wanazungusha chaneli mpaka wanakuumbua. Pin ya king'amuzi nimeweka, inafunga zile chaneli za movi za wakubwa, basi.

Na kinachonisumbua mimi wala sio katuni, ni tamthilia. Zikiwa za Kiingereza mtoto wa miaka sita anachoka mwenyewe anaenda kucheza, ila hizi za Kituruki zimeshaingizwa sauti za Kiswahili, anaelewa kila kitu, nani kamsaliti nani, mimba ya nani, halafu zinaruka usiku ule muda watu wote tuko sebuleni tunasubiri chakula. Kenya wana utaratibu kwamba kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku vituo visirushe maudhui ya watu wazima, safi kabisa, lakini mama mkwe kumwekea mkwewe sumu kwenye chai sijui wanaihesabu wapi. Kwa hiyo ukitaka mtoto asione inabidi wewe mwenyewe uache kuangalia, na hapo ndo wengi tunashindwana. Mimi siku hizi naangalia marudio wakishalala, mume wangu taarifa ya habari anasikilizia redioni, kalalamika weee mpaka kazoea.

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 walisema mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku. Sawa, ila mchana mimi sipo, baba yao hayupo, mwenye rimoti ni dada wa kazi! Ukipanga sheria bila yeye umejipangia mwenyewe. Tulikaa naye tukaelewana, asubuhi tivii haiwashwi, mdogo akilala mchana mkubwa anaangalia katuni zake, saa kumi inazimwa wanatoka nje, na yeye usiku ana muda wake wa bongo movi hakuna wa kumtuma maji. Hiyo ya mwisho ndo imefanya zile za mwanzo zifuatwe, yaani saa kumi ikigonga tu anazima.

Tatizo lililobaki ni bibi yao akija kutusalimia, maana yeye na tamthilia hawaachani, na mimi nikamwambie nini mama mkwe?